Vichupa vya Utulivu

Jumatatu, 6 Mei

Balaa limeanza mapema. Profesa ametuita ofisini kwake, mimi na Mtakatifu, akafunga mlango. Profesa akifunga mlango, jua kuna mtu atalia. Amesema nafasi ya utafiti iliyobaki ni moja. Moja! Jumatatu ijayo kila mmoja wetu ataonyesha picha zake, na atakayezidiwa atafungasha virago. Mtakatifu akasema ahsante, Profesa. Anashukuru nini? Huyu bwana ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Ndiyo maana nimembandika jina hilo, ingawa mwenyewe halijui.

Niandike hapa kazi yenyewe, ili nikifa watu wajue nilifia nini. Ndani ya seli kuna protini moja ambayo sisi maabarani tunaiita Zimamoto. Siku za kawaida haina kazi. Imekaa nje ya kiini cha seli, imeshikiliwa na protini nyingine ambazo ni wasaidizi. Likija joto kali, protini za seli zinaanza kujikunja ovyo, zinapoteza umbo, zinagandana. Wasaidizi wanaiacha Zimamoto na kukimbilia kuzinyoosha zilizoharibika. Basi Zimamoto zinakuwa huru, zinaungana tatu tatu, zinaingia kiini na kuamsha jeni za kutengeneza wasaidizi wengi zaidi. Mambo yakipoa, wasaidizi wanarudi na kuzishika tena. Tumeitia rangi ya kijani inayong'aa ili tuione kwa hadubini. Seli iliyotulia, kijani kimetapakaa kote. Seli iliyotishika, kijani chote kimejazana kiini.

Kwa hiyo nina vichupa vya aina mbili. Vya joto, ambavyo naviunguza kidogo kwa makusudi. Na vya utulivu, ambavyo haviguswi, vinakaa tu kwenye kabati la joto la kiasi ili nipate cha kulinganisha. Vya joto havina neno. Shida ni hivi vya utulivu. Leo nimechungulia: kijani chote kiini! Seli ambazo hakuna aliyezigusa, zinahaha kana kwamba nyumba inaungua. Bila vya utulivu sina cha kuonyesha. Nitasemaje moto umewatisha watu, kama walikuwa wanapiga mayowe hata kabla ya moto?

Nyumbani. Mama ameniuliza kama nimekuja kutengeneza friji. Nikamwambia mimi ni mwanawe. Akasema sawa, ila friji inavuma sana.

Protini za kichwani mwake ndizo zinazojikunja na kugandana. Na Zimamoto ya mtu wa umri wake ni nzito kuamka. Ndiyo sababu niliingia maabara hii. Nilimwahidi dada nitatafuta njia ya kuiamsha, nikasema kwa sauti kubwa mbele ya ukoo mzima, na wajomba wakapiga makofi. Nikitolewa maabarani sijui nitawatazama vipi usoni.

Dada anasema kuna asubuhi mama anakuwa mwenyewe kabisa, anajua kila kitu, halafu anapotea tena. Ameniomba nikae nyumbani asubuhi moja tu. Nimesema baada ya Jumatatu.

Jumanne, 7 Mei

Nimeng'amua. Ni Mtakatifu!

Jana alionekana karibu na kabati. Anatabasamu. Mtu mwenye nafasi yake mashakani anatabasamu nini, kama si kwamba amevitingisha vichupa vyangu au ameviacha mezani vipigwe baridi? Damu zetu hazijawahi kuendana.

Hatua nilizochukua. Kwanza, nimehamisha vichupa vya utulivu kutoka rafu ya chini hadi ya juu, nyuma kabisa, nikavifunika na chupa kuukuu. Pili, nimekuwa nikifungua kabati kila mara kuhakikisha hakuna aliyevigusa. Navitoa, navitazama kwenye hadubini, navirudisha. Tatu, nimeng'oa unywele wangu mmoja na kuubandika kwa mate kwenye mlango wa kabati. Mtu akifungua, unywele utaanguka. Akili hizo.

Saa za mchana: unywele uko sakafuni! Ushahidi! Nikamkodolea macho Mtakatifu mpaka akaniuliza kama macho yananiuma, akanipa namba ya tabibu wa macho.

Baadaye nimekumbuka kuwa mimi ndiye niliyefungua mara ya mwisho. Lakini hilo halimwondolei hatia.

Kijani kimezidi kujazana. Nimevihamisha tena, rafu ya kati, upande wa kushoto. Kisha kulia. Profesa alipita, akasimama nyuma yangu, akaguna, akaenda zake. Sijapenda ule mguno.

Jumatano, 8 Mei

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na wazo. Wazo lenyewe nimelitoa kwenye seli.

Iko hivi. Seli ukiipasha moto kidogo kwanza, Zimamoto inaamka, wasaidizi wanaongezeka, na ukija kuichoma kweli baadaye inastahimili. Ukiichoma kwa ghafla bila kuipasha, kwisha kazi. Sasa kosa langu kwa Mtakatifu, tangu tufahamiane, ni kwamba nimekuwa nikimpasha tu. Vijembe hapa, minong'ono pale, kumfichia kalamu, kumwambia kwamba Profesa amemnunia. Amekomaa! Hasikii tena. Dawa yake ni moto mmoja mkali.

Nikamfuata anaosha vyombo. Nikavaa uso wa huzuni. Nikamwambia mkutano umesogezwa, si Jumatatu tena, ni Ijumaa hii. Nikangoja nimwone akiporomoka.

Akafunga bomba. Akafuta mikono. Akasema kumbe, ahsante sana kwa kunijulisha, wengine wangekaa kimya. Akaniuliza kama ningependa tupitie picha pamoja, yake na yangu, tusaidiane. Halafu akauliza mama anaendeleaje. Nikasema haendelei vibaya. Nimekasirika mpaka nikasahau nilikuwa naelekea wapi, nikajikuta nimefungua kabati.

Vichupa vya utulivu: vibaya kuliko jana. Baadhi ya seli sasa kijani kimejikusanya vidoadoa ndani ya kiini, dalili ya seli iliyochoka kutishwa. Nimezionea huruma. Nikazitoa nizitazame vizuri zaidi.

Alhamisi, 9 Mei

Nimejipalia makaa mwenyewe!

Mtakatifu amefika na picha zake zote tayari, zimepangwa, amenyoa ndevu. Profesa akamwuliza haraka ya nini. Akasema si mkutano ni kesho. Profesa akauliza nani kasema. Wote wawili wakanigeukia. Ikabidi niseme kwamba niliona tujitahidi, tusingoje kusukumwa, mtafiti wa kweli anatakiwa awe tayari wakati wowote. Sijui maneno yalitoka wapi. Profesa akafurahi. Sijawahi kumwona akifurahi. Akasema hiyo ndiyo roho anayoitaka, na kwa kuwa wote tuko tayari, basi iwe Ijumaa mchana.

Kesho!

Nimekaa chooni kwa muda nikifikiri. Hapa maabarani vichupa havina usalama. Nimevihamisha kila rafu, na kila rafu vinaandamwa. Kwa hiyo vitoke. Hilo tu. Vitoke, vilale mbali na mkono wa Mtakatifu. Sheria ya jengo inakataza seli kutolewa nje, lakini sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya watu wenye nia mbaya.

Nikachukua vichupa viwili vipya vya utulivu, nikakaza vifuniko, nikavizungushia taulo, nikavitia kwenye mfuko pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu. Nikashuka kwa ngazi za nyuma mtu asinione. Mlangoni nilipishana na fundi mmoja mwenye sanduku la vifaa anapanda. Nikageuza uso ukutani mpaka akapita.

Nyumbani nimevificha kabatini kwa mama, chini ya nguo. Mpango wa kesho: mimi natangulia alfajiri, najibanza stoo nyuma ya friza, ambako mlango wa kabati la joto unaonekana. Mtakatifu akija kutafuta vichupa vyangu, namnasa. Saa sita dada ananiletea mfuko. Dada amesema kesho mama huenda akawa na asubuhi nzuri, amelala vizuri, dalili anazijua; nibaki. Nikamwambia dada, kesho ndiyo kila kitu.

Ijumaa, 10 Mei

Nianze mwanzo.

Asubuhi nzima nilikuwa nyuma ya friza. Friza ile inapuliza joto mgongoni na ubaridi miguuni. Kabati la joto lilikuwa limezimika taa, nikadhani wanabana umeme. Mtakatifu aliingia mara kadhaa. Alifungua kabati hili, akafungua lile, akainama, akachungulia mpaka chini ya meza. Anavitafuta! Nikashika moyo. Kila mara alitoka akitikisa kichwa. Nikasema moyoni, tafuta ndugu yangu, tafuta mpaka uchoke.

Saa sita dada alikuja mlangoni na mfuko. Alikuwa amemwacha mama na jirani. Macho mekundu. Alitaka kuniambia jambo. Nikamwambia jioni, nikaunyakua mfuko, nikakimbia kwenye hadubini.

Kijani kimetapakaa! Kote! Kiini kitupu, Zimamoto zimekaa nje zimetulia, wasaidizi wamezishika, hakuna hata seli moja inayohaha. Nilipiga ukelele. Nikapiga picha kumi, nikambusu mtu wa kufagia korido, akatishia kunishtaki.

Mkutano. Mtakatifu alionyesha picha zake. Nzuri, za kawaida. Kisha mimi. Vya joto, halafu vya utulivu. Profesa akainuka kitini, akaenda mpaka karibu na ukuta ulipoangukia mwanga wa picha. Akasema hajawahi kuona seli zilizotulia namna ile katika maabara yake. Nikavimba kichwa. Akauliza zililala wapi. Nikasema rafu ya juu, nyuma kabisa.

Mtakatifu akatazama viatu vyake.

Profesa akasema kabati limezimwa tangu jana jioni. Fundi amelifungua feni. Vichupa vyote vimehamishiwa ghorofa ya chini, vya watu wote, isipokuwa vyangu viwili vipya, ambavyo Mtakatifu amevitafuta asubuhi nzima ili avihamishe, na alipovikosa akaja kwake akiwa karibu kulia, akiogopa vimekufa. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa kabati. Nilikuwa nimelitazama tangazo hilo tangu alfajiri, ila kwa ubavu, maandishi hayasomeki.

Ikabidi niseme kweli. Nikasema vililala kwa mama.

Profesa hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema picha iliyopigwa kwa seli zilizotoroshwa kwenye mfuko haiwezi kwenda popote. Akasema pia, taratibu, kwamba hakuna aliyewahi kuharibu vichupa vyangu. Kila alipopita aliukuta mgongo wangu kabatini. Alisema vile vichupa vya utulivu havikuwahi kupata siku moja ya utulivu, kwa sababu yangu mimi. Nafasi ni ya Mtakatifu. Mimi nimalizie mwezi.

Nimemwaga unga. Mtakatifu akaja kuniuliza kama anaweza kunisaidia kubeba vitu vyangu.

Jioni. Dada amenieleza lile jambo lake. Ameeleza akiwa amenipa mgongo, anakunja nguo.

Mama aliamka akiwa mwenyewe. Aliomba chai. Alimwambia dada amekonda. Kisha akaniulizia mimi, kwa jina langu lote, akaongeza na lile la utotoni ambalo hata dada alikuwa amelisahau. Aliuliza nafanya kazi gani siku hizi. Dada akamwambia nalinda vitu vidogo sana ili vitulie. Mama akacheka mpaka akakohoa. Akasema yule? Yule tulimpa maharage apande uani, akawa anayafukua kila siku kuona kama yameota!

Halafu akauliza vitu vyenyewe viko wapi. Dada akavitoa kabatini. Mama akavipakata, akavifunika na mtandio wake, akasema atanishikia mpaka nifike. Akakaa navyo hivyo kitini, hatingishiki, anatazama mlango. Asubuhi yote. Alikuwa na mambo ya kuniambia, alisema, mengine ya baba, mengine ya kwangu mwenyewe. Dada akimwomba amwambie yeye, anasema hapana, atakuja tu. Ilipokaribia saa tano akaanza kulegea. Aliuliza hajafika? Kisha akauliza nani hajafika. Dada alipovichukua vile vichupa, mama hakujua tena ni vya nini.

Asubuhi nzima. Na mimi nilikuwa nyuma ya friza.

Nimelia. Dada ameniacha nilie, hakunibembeleza, na sikustahili.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekaa na mama kutwa. Hajanifahamu. Ameniuliza kama friji ina nafuu. Nikasema ina nafuu. Akasema nisisahau kufunga vizuri kwa nyuma.

Alikuwa na mambo ya kuniambia. Nimejaribu kubahatisha ni yapi, nimeshindwa. Mvua imenyesha. Sina la kuandika zaidi.

Jumapili, 12 Mei

Leo akili imerudi kidogo.

Nimetafakari sana maneno ya Profesa, na nayakubali, neno kwa neno. Seli inahitaji kuachwa. Na mama pia! Ijumaa aliamka mwenyewe kwa sababu nyumba ilikuwa kimya na hakuna aliyemsumbua. Ni jambo lilelile. Nilikuwa kipofu! Nimemwambia dada kwamba nimejifunza somo kubwa kuliko yote maishani. Dada akasema anafurahi kusikia hivyo. Akanishika bega, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Kwa hiyo mpango mpya, wa mwisho, usio na hila ndani yake. Kuanzia kesho siendi popote asubuhi. Nipo nyumbani. Mama ataachwa atulie kabisa, na atakapoamka mwenyewe, nitakuwepo hapohapo mlangoni nisikie alichotaka kuniambia. Nimetia mafuta bawaba za mlango wake ili usilie nikifungua.

Jumatatu, 13 Mei

Alfajiri. Nimechungulia. Mama amelala. Uso umetulia kabisa. Dalili nzuri sana.

Nimechungulia tena. Amegeukia ukutani.

Ameamka! Nikaingia mara moja. Nikamwuliza, mama, unanifahamu? Akafikiri. Nikamwuliza, jina langu nani? Alifungua mdomo, nina hakika alikuwa karibu kulitaja, herufi ya kwanza ilikuwa tayari mdomoni. Nikamsaidia kidogo kwa kumwuliza kwa nguvu zaidi. Akaufunga. Nikatoka ili atulie. Nikarudi kuona kama ametulia. Nikamwuliza tena. Nikamhamisha kutoka kitandani hadi kitini, karibu na dirisha, kwa sababu Ijumaa alikuwa kitini. Kisha upande wa kushoto wa dirisha, penye mwanga wa wastani. Nikampa mtandio. Nikatoka. Nikarudi.

Sasa amejifunika uso kwa mtandio, na mikono yake inatetemeka. Sielewi. Kila kitu nimekifanya kama ilivyokuwa Ijumaa, hata kimya nimekilinda mwenyewe kwa macho yangu.

Kuna mtu anamsumbua mama. Simtaji, lakini humu ndani tuko watatu. Dada amepita karibu na mlango wake asubuhi hii akiwa na ndoo, na alipoulizwa alisema eti anapiga deki. Ameniambia pia nitoke nje kidogo, nikatembee, nimwache mama. Anataka nitoke kwa nini? Kesho nitamhamishia mama chumba cha nyuma. Na nimeng'oa unywele mmoja, nimeubandika mlangoni.

Mchana. Mama alisinzia, nikaingia kuhakikisha kwamba amesinzia kweli. Akafumbua macho. Akaniita fundi. Akaniomba, kwa upole sana, nisiendelee kugonga-gonga, kwa sababu anamngoja mwanawe na anataka awe amepumzika atakapofika. Nikamwuliza mwanawe anaitwa nani. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama mlango.

Nimetoka na kuufunga taratibu. Unywele umeanguka, nimeubandika mwingine. Nitamwachia nafasi apumzike, nikimaliza tu kuandika hapa nitakwenda kuona kama amepumzika.

Nimekwenda. Bado.